Kidole Kilichochelewa

Mwenzangu mwenye baka lisilowasha, nimekuandikia wewe kwanza. Wengine wakisoma si vibaya, ila wewe usiishie njiani. Mimi si daktari, na uandishi wenyewe ni huu wa kujaribu. Niliishia darasa la saba kule Misima, na haya maneno nimeyapanga na kuyapangua mpaka nikaona aibu. Lakini sista wa kliniki aliniambia hivi: "Rajabu, ungempata mtu wa kukusimulia, ungekuja mapema." Basi nasimulia. Palipo na kosa, anayejua zaidi anisahihishe.

Kazi yangu ni muziki wa ala tupu. Hapa Masuguru, Korogwe, nina chumba cha uani ambacho ndiyo studio. Mtu anakuja na wimbo kichwani, ananiimbia au ananipigia mluzi, nami namtengenezea demo: gitaa, besi, kinanda, ngoma za kwenye kompyuta. Sauti ya mtu haimo. Anaondoka nayo kwenye fleshi akaweke maneno yake huko aendako. Ukutani nimebandika trei za mayai, na nyuma ya mlango nimeegesha magunia yaliyojaa mabaki ya katani, ili kelele za nje zisiingie. Nasema zisiingie, lakini zinaingia. Ukuta wangu umegusana na mashine ya kusaga ya Mzee Maganga, na ile mashine ikinguruma hata ungejaza katani yote ya Korogwe humo ndani usingeizuia.

Ndiyo maana nilikuwa narekodi Jumapili asubuhi. Mzee Maganga ni Mnyamwezi, baba yake aliletwa huku na kazi ya kukata mkonge, na Jumapili anafunga mashine aende kanisani. Mimi Mzigua, Mwislamu, nikisikia tu mkanda wa mashine haulii najua muda wangu umefika. Ukizisikiliza demo zangu za miaka ile kwa utulivu, nyuma kabisa ya gitaa utasikia kengele ya kanisa, na jogoo, na mara moja moja mke wangu Zaina akimwambia binti yetu Salma asikanyage waya. Sijawahi kuzifuta hizo sauti. Zamani niliziacha kwa uvivu. Siku hizi naziacha kwa sababu nyingine.

Nilizipenda sana Jumapili zile. Zaina alikuwa akileta chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha, anaweka juu ya spika kuukuu, anakaa kwenye gunia la katani anasikiliza. Hakuwa mtu wa sifa. Akipenda kitu, mguu wake unagonga sakafu. Asipopenda, anauliza kama nimeshapeleka gesi ikajazwe.

Kulikuwa na mlio mmoja ulionipa jina. Mkono wangu wa kushoto ukishuka kwenye nyuzi, ile noti ya mwisho ya kidole kidogo ilikuwa inachelewa kidogo. Inakuja laini, imejikunyata, kama mtu aliyechelewa msibani anayeingia akitafuta pa kukaa bila kuonekana. Mimi mwenyewe sikuitafuta. Ilianza tu, mwaka mmoja, kisha ikazidi mwaka uliofuata. Watu wakaipenda. Mwalimu Yonathani, Msambaa anayefundisha kwaya huko milimani, alikuwa akipanda gari mpaka hapa kwa ajili yake.

"Wapiga gitaa wapo wengi," aliniambia siku moja, kofia magotini. "Wengine wanajua kuliko wewe, usikasirike."

"Sikasiriki, Mwalimu. Ni kweli."

"Lakini hicho kidole chako kinachochelewa, hicho hawana."

Nililala na maneno hayo kama mtu aliyepewa zawadi. Vijana wa mjini wakaanza kuniiga, wakichelewesha noti kwa makusudi. Nami nikacheka moyoni, nikijua hawataweza.

Hapa sasa ndipo penye kosa ambalo nadhani mkulima au fundi asingelifanya, lingemhitaji mpiga gitaa. Ncha za vidole vya mpiga gitaa zina sugu. Ukiwa mgeni wa nyuzi, zinakuuma, zinapasuka, halafu zinakomaa, na siku unapobonyeza waya usisikie maumivu unajiona umeiva. Basi kidole kidogo kilipoacha kusikia waya nilijisifu. Kilipoacha kusikia maji ya moto nilijisifu zaidi. Nilimwonyesha Mwalimu Yonathani, nikajichoma na sindano ya kushonea mbele yake, tukacheka sote. Ganzi nikaiita ufundi.

Na lile baka? Lilikuwa juu ya kiwiko, rangi yake imefifia kuliko ngozi nyingine, haliwashi, haliumi. Nilikwenda zahanati, mhudumu akanipa dawa ya kupaka ya fangasi. Nataka nimtendee haki yule mhudumu. Nilimwonyesha baka tu. Habari ya kidole sikumwambia, kwa sababu sikuwa naiona kama ugonjwa. Angejuaje?

Tulijua siku ya kulehemu. Waya wa kuunganisha gitaa na spika ulikuwa umekatika kwenye plagi, nikawa naurudishia mwenyewe, mchana, mlango umefunguliwa. Nimeinama, nimeshika waya kwa mkono wa kushoto, chuma cha kulehemu kwa mkono wa kulia. Zaina alikuwa uani anafua.

"Nani anachoma nyama saa hizi?" akauliza.

"Labda kwa Mama Eliza," nikamjibu.

Akaja mlangoni na mikono yake ya povu. Akasimama. Sikuelewa kwa nini ananitazama vile mpaka nilipofuata macho yake. Kile chuma kilikuwa kimelala juu ya kidole changu kidogo, na moshi mwembamba unapanda. Mimi nilikuwa napiga mluzi.

"Baba Salma," akasema taratibu sana, "toa mkono wako hapo."

Safari hii nilimwonyesha mhudumu wa zahanati kidole pia, akanituma hospitalini. Kliniki ya ukoma huko inatumia mlango mmoja na kliniki ya kifua kikuu, na benchi ni moja. Nilikaa karibu na mzee aliyevaa barakoa, anakohoa. Akaniuliza kilichonileta. Sikuwa nimezoea kudanganya wazee, nikamwambia wameniandikia ukoma. Akasogea mbali kidogo. Nami, kwa kuwa alikuwa anakohoa, nikasogea upande wangu. Sista akatoka mlangoni, akaona lile pengo katikati.

"Nyie wawili mnakimbiana?" akasema. "Wenzenu wamesimama. Sogeeni wakae."

Tukasogea, tukakaa tumebanana, na tukaishia kuongea habari za mahindi. Alikuwa wa Kwaluguru, anawafahamu wakwe zangu. Miezi ile yote nilikuwa nikimtafuta kwa macho kila nikifika. Alipona kabla yangu, na siku aliyoaga nilihisi upweke kama niliyeachwa stendi.

Sista alinifumba macho kwa kiganja chake, akawa ananigusa mkononi na ncha ya kalamu. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha alipogusa. Kidole gumba nikaonyesha. Cha shahada nikaonyesha. Kisha nikasubiri. Nikasubiri tena. Nikamwambia, "Sista, endelea." Akasema, "Nimeshaendelea, baba." Nikafumbua macho nikaona nukta za wino zimejaa kwenye kidole cha pete na kidole kidogo, na kuzunguka ukingo wa kiganja.

Halafu akachukua kipande cha karatasi, akakiweka katikati ya vidole hivyo viwili. "Kibane," akasema. "Mimi navuta, wewe nikatalie." Akavuta kwa vidole viwili tu, bila nguvu, na karatasi ikatoka kama inatoka kwenye maji.

"Sista, mimi napiga gitaa," nikamwambia. "Huu ndio mkono."

Hakunipa matumaini ya uongo, namshukuru kwa hilo. Alisema dawa itaua ugonjwa, hilo ana hakika nalo. Kuhusu mkono alisema tutaona, na kwamba sehemu iliyobaki ni yangu. Pakiti zilikuwa kumi na mbili, moja kila mwezi. Vidonge vya kwanza vya kila pakiti nameza mbele yake, vingine nyumbani. Mkojo wa siku hiyo unakuwa mwekundu, usiogope. Familia yangu nayo ikaitwa, wakachunguzwa Zaina na Salma, wakapewa dozi yao ya kinga. Sista akatuambia sote watatu, "Ameshameza. Haambukizi mtu. Kuleni naye, laleni naye." Pakiti ya kwanza niliianza wakati machungwa ya Handeni yamejaa stendi, wanayamenya mpaka kwenye madirisha ya mabasi.

Tulimsikia sista. Lakini kusikia na kufanya ni safari mbili. Aliyetenga sahani si Zaina, ni mimi. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa kikombe changu, nikachagua sahani moja ya bati, nikasema hizi za kwangu. Zaina hakubisha. Mpaka leo sijui kama kutobisha kwake kulikuwa heshima au nafuu. Nadhani hata yeye hajui. Tukawa tunakula uani wao upande ule, mimi upande huu, na Salma katikati anatazama huku na huku kama anayeangalia mpira.

Siku moja mchana tumekaa hivyo, ugali na kisamvu, Mzee Maganga akaingia, mweupe wa unga kuanzia kope mpaka ndala. Kwa asiyejua: sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zama za mababu. Mtani wako ana ruhusa ya kukusema na kuchukua kilicho chako, hata msibani, na wewe huna ruhusa ya kununa.

"Shikamoo, Mzee Maganga," nikamwamkia.

"Marahaba. Nasikia umekuwa mkoma."

Zaina akaacha mkono hewani na tonge lake. Neno hilo hapa nyumbani lilikuwa halijatamkwa. Tulikuwa tunasema "ile hali".

"Ndiyo, mzee," nikasema.

"Wazigua bwana. Njaa mmeshaimaliza, sasa mmehamia magonjwa ya kwenye Biblia." Akachuchumaa mbele yangu, akavuta ile sahani ya bati kwake, akakata tonge, akachovya, akala.

"Mzee, hiyo sahani ni ya kwangu peke yangu."

"Ndiyo maana naila. Cha mtani wangu ni changu. Miaka yote unanilalamikia kelele za mashine, halafu unaninyima ugali?" Akala tena. Akamgeukia Zaina. "Shemeji, kisamvu hiki umekipika vizuri, ila unamlisha mtu asiyejua kupiga gitaa."

Zaina akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha ghafla, kikamkaba, na kabla hakijaisha nikaona analia, uso kwenye kanga. Mzee Maganga alijifanya hakuona. Alisafisha sahani yangu kwa kidole, akakichukua kikombe chenye kitambaa chekundu, akanywa maji yangu yote, akaenda zake kusaga. Kesho yake kile kikombe nikakikuta bandani, wananyweshea kuku. Tukala sahani moja.

Ningependa niseme kwamba kuanzia hapo mambo yalikuwa mazuri, lakini nataka kusema yalivyokuwa. Dawa zilinibadilisha ngozi. Kila pakiti iliniongezea weusi, weusi wenye wekundu ndani yake kama chungu kilichopikiwa sana, na usoni ilionekana zaidi. Wateja wakapungua. Siwalaumu wote. Wengine walikuwa hawana tu wimbo wakati huo. Mmoja aliomba nimtumie demo kwa simu badala ya kuja, na kwa kweli hiyo ingekuwa njia rahisi hata kama ningekuwa mzima.

Mvua za vuli zilipoanza, mkono ulishika moto. Sista alikuwa amenionya kwamba wakati wa dawa mishipa inaweza kuvimba. Mshipa wa kiwiko ulituna kama kamba chini ya ngozi, nikiugonga mlangoni naona nyota. Vidole viwili vya mwisho vikaanza kujikunja ndani ya kiganja, polepole, kila siku kidogo, kama jani la mahindi kwenye jua. Nilikuwa navinyoosha kwa mkono wa pili, nikiviachia vinarudi. Wakaniongezea vidonge vingine vya kutuliza uvimbe, uso nao ukafura, ukawa duara. Salma akaniambia, "Baba, umekuwa kama kwenye kijiko." Alikuwa amejitazama nyuma ya kijiko siku hiyo. Hakuwa na ubaya.

Siku zile ndizo Zaina alizokwenda kwao Kwaluguru kusaidia kupanda, akamchukua Salma. Tulikubaliana wiki chache. Zikapita. Mama mkwe akawa anajibu simu yeye, ananiuliza hali, ananitakia afya, anasema Zaina yuko shambani. Nilipata muda mwingi wa kuwaza kama ni shamba kweli au ni mimi. Baadaye sana nilimuuliza Zaina mwenyewe. Alifikiri, akajibu, "Vyote viwili." Jibu hilo nililiheshimu kuliko lingine lolote ambalo angenipa.

Sista alisema mkono usiachwe. Asubuhi na mchana niuloweke kwenye maji, niupake mafuta, nivinyooshe vidole juu ya paja, halafu nivitumie. "Kila siku," akasema. "Kidogo kidogo, lakini kila siku."

Hapo nikakwama. Kidole kisichosikia waya hakijui kama kimebonyeza au kimeelea. Njia pekee ya kujua ni kusikiliza: noti ikilia safi, kimebonyeza, ikikwaruza, bado. Nilihitaji kimya. Na kimya nilikuwa nacho Jumapili tu. Siku nyingine zote kuna mashine.

Sikumwomba Mzee Maganga azime. Nani angeomba hivyo? Foleni ya akina mama na madebe yao ndiyo riziki yake. Nilimwambia tu, siku alipokuja kula chakula cha mtani wake aliyebaki peke yake, kwamba zoezi la mkono ni gumu kwa sababu sijisikii napiga nini. Akanawa mkono bila kunitania, jambo lisilo la kawaida yake.

Kesho yake baada ya swala ya adhuhuri, mashine ikazimika. Nikadhani umeme umekatika. Nikamsikia nje.

"Mama zangu, mashine inapumzika kidogo."

"Imeharibika?" mmoja akauliza.

"Haijaharibika. Kuna Mzigua humo ndani anajifunza kupiga gitaa upya. Vumilieni, mnajua walivyo wagumu kuelewa."

Nikakaa na gitaa magotini, sikujua nicheke au nifanye nini. Nikabonyeza. Ikakwaruza. Nikabonyeza tena.

Ikawa hivyo kila siku. Baada ya adhuhuri, kimya kinaanguka Masuguru, na mimi natafuta noti moja. Akina mama wakazoea, wengine wakaja makusudi muda huo wapumzike kivulini wakisubiri. Ukuta ule hauzuii mashine, na hauzuii gitaa pia. Siku moja, mwezi wa jua kali, nimetoka kumwaga maji ya kuloweka mkono, mama mmoja ambaye hata jina lake silijui akaniambia akiwa amekalia debe lake, "Leo kimelia, baba. Jana hakikulia." Nilirudi ndani nikakaa kwenye gunia la katani muda mrefu. Kuna mtu alikuwa anahesabu pamoja nami.

Zaina alirudi na masika, yeye na Salma na kigunia cha kunde, matope mpaka magotini. Aliushika mkono wangu wa kushoto kabla hajaweka mzigo chini, akavinyoosha vile vidole viwili. Havikurudi ndani haraka kama mwanzo.

"Vinakataa," akasema.

"Vinajifunza kukataa," nikamjibu.

Siku za mvua hakuna wateja, tukawa tunasikiliza demo za zamani, za kwanza mpaka za mwisho, kwa mpangilio. Nilitaka tu kukumbuka. Jogoo yumo, kengele imo, sauti ya Salma imo akiwa bado hawezi kutamka "waya". Lakini tulipokuwa tunasogea mwaka hadi mwaka nikaanza kusikia kitu kingine. Katika demo za kwanza kabisa kidole kidogo kinafika pamoja na wenzake. Halafu kinachelewa punde tu. Halafu zaidi. Halafu kinafika kimechoka. Ugonjwa wangu wote ulikuwa umerekodiwa, tangu ulipoingia, na mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti.

Zaina naye alikuwa amesikia. Mguu wake ulikuwa umeacha kugonga.

"Mkono ulikuwa unaomba msaada," akasema. "Sisi tukacheza."

Na nikisema ukweli, nilikuwa bado naipenda ile noti. Naipenda mpaka leo. Naikumbuka kama mtu anavyokumbuka nyumba iliyokuwa inavuja.

Pakiti ya mwisho ilinikuta machungwa yamerudi stendi. Sista akanifumba macho, akanigusa na kalamu. Kidole cha pete sasa nilikisikia, kwa mbali. Kidole kidogo hapana, na alisema huenda kisirudi, nikitazame kama ninavyomtazama mtoto jikoni. Kisha akatoa karatasi. Akaiweka, akavuta. Nikabana. Akavuta tena kwa nguvu zaidi, karatasi ikachanika, nusu kwake na nusu kwangu. Aliandika kwenye kadi yangu, akaichukua ile nusu yake akaitupa. Ya kwangu niliitia mfukoni.

Mwalimu Yonathani alirudi msimu uleule wa machungwa. Alikuwa hajaja tangu nilipougua, na alisema wazi kwamba aliogopa, na kwamba ameona haya. Nikampigia demo mpya. Mkono ulishuka vizuri na noti ya mwisho ikafika pamoja na wenzake. Kidole kidogo kisichosikia ninakitanguliza siku hizi, nakiweka kwenye waya mapema kisubiri, kwa sababu hakiwezi kuaminiwa kuja mbio.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ni safi," akasema. Akageuza kofia. "Lakini yule wa zamani yuko wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, sindano tuliyoichekea sote, ganzi, karatasi. Nikamwambia nikitaka naweza kuishika ile noti kwenye kompyuta nikaisogeza nyuma, ichelewe vilevile, hakuna atakayejua. Nilikuwa nimeshajaribu. Ilisikika kama mtu anayemwigiza mgonjwa.

Mwalimu akavaa kofia, akasema, "Usiisogeze. Nipe hivyohivyo."

Aliondoka nayo. Nilidhani ameichukua kwa huruma, na nilijiandaa asirudi.

Majuma kadhaa baadaye alinitumia sauti kwenye simu. Kwaya yake, mazoezini, wanaimba juu ya demo yangu mpya maneno yao. Nikamwita Zaina, akaja na mikono ya unga. Mzee Maganga alikuwa uani anakula chakula changu, naye akasogea. Gitaa likashuka, safi, na noti ya mwisho ikafika kwa wakati. Lakini waimbaji hawakuingia nayo. Walikuwa wamejifunza kuimba kwa demo zangu za miaka ile, na kule kuchelewa kulikuwa kumeshawaingia vifuani. Wakakaa punde tu, wote, mabibi na mabwana na sauti za watoto, kisha ndipo wakaingia taratibu, kama watu waliochelewa wakitafuta pa kukaa.

"Hawa nao wamechelewa," Mzee Maganga akasema. "Umewaambukiza."

Mguu wa Zaina ulikuwa unagonga sakafu.

Mwenzangu, jiguse hilo baka ukiwa umefumba macho. Usiposikia kitu, nenda leo. Dawa ni bure, na benchi lina nafasi mkisogeleana. Mimi huwa nairudia ile sauti kila Jumapili kabla sijawasha kipaza sauti, nikifika pale ninavuta pumzi pamoja nao: kwaya nzima, huko milimani, imenyamaza kidogo inakisubiri kidole changu, nacho siku hizi kinakuwa kimeshafika.